Mwaka Tuliogombania Maharagwe

Mwezi uliopita, kwenye mazishi ya mama mkwe wangu, mchungaji alisimama chini ya hema akasema kwamba marehemu na mimi tuliishi kama mama na binti wa kumzaa. Watu wakaitika amina. Nilikuwa nimeketi mstari wa mbele, leso mkononi, nikashikwa na kicheko. Nilijifunika uso, mabega yakawa yanatikisika, na dada mmoja wa kanisa akaja kunishika akininong'oneza, "Jikaze, Mama Kioko. Amepumzika." Nilijikaza. Lakini tangu siku hiyo sijatulia. Mtu akikupiga vita miaka yote hiyo, halafu siku ya kumzika watu wampambe kwa upole ambao hakuwa nao, ni kama wamekuibia mtu wako wakakuletea mwingine usiyemjua. Ndiyo maana naandika juu ya mwaka wa kwanza niliokaa naye Mbumbuni. Mwanamke huyo alinichukia, nami nikamchukia, na ugomvi wetu ulianzia kwenye sufuria moja, juu ya maharagwe.

Mume wangu, Muli, alikuwa makanika Nairobi na chumbani mwake alilala na wanaume wenzake. Kwa hivyo tulipofunga ndoa, miaka ya themanini ikianza, alinitoa Tseikuru, kule kaskazini kwa watu wa ng'ombe na mbuzi, akanileta Mbumbuni kwenye vilima na mashamba, akanikabidhi kwa mamake, akarudi kazini. Sote ni Wakamba, lugha ni moja, lakini mimi nilijiona nimeolewa nchi ya kigeni. Huku watu waliamka wakizungumza habari za mbegu. Mama mkwe wangu aliitwa Kalekye, nami nilimwita Mwaitu, yaani mama, kama adabu ya kwetu inavyotaka. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye sauti ya chini ambayo hakuipandisha hata alipokuwa anakutukana. Jikoni kwake kulikuwa na kigoda kimoja tu. Kilikuwa chake. Mimi nilichuchumaa. Ukutani masizi yalining'inia kama nyuzi, na pembeni, mbali na moto, kulikuwa na pipa la maharagwe yaliyochanganywa na majivu ili wadudu wasiyale. Juu ya kifuniko aliweka jiwe, na hakuna mkono uliogusa jiwe hilo isipokuwa wake. Asubuhi tulikunywa chai na maharagwe yaliyolala. Mchana maharagwe kwenye muthokoi, yale mahindi tunayotwanga mpaka ganda litoke. Jioni maharagwe na sukuma, na kukiwa na viazi, yakaingia kwenye viazi pia. Nilikaa wiki nzima nikitafuna kimya, nikingoja siku ambayo chakula kingepikwa.

Siku hiyo ilifika wanawake wa kanisa walipokuja kumwona bibi harusi. Baba mkwe wangu, Mzee Nzioka, alichinja mbuzi, na Mwaitu akanisukumia mguu na mbavu kwenye karai. "Pika," akasema. "Watu wanataka kuona kama kijana wetu ameoa mikono ama ameoa sura." Nilifurahi, kwa sababu kupika nilijua. Pale Tseikuru, karibu na soko la mifugo, palikuwa na mama Mwislamu ambaye wazazi wake walitoka pwani, Bi Zuhura, mwenye hoteli ndogo, na kabla ya kuolewa nilikuwa nimefanya kazi kwenye moto wake. Chakula chake kilichowaleta wachuuzi wa ng'ombe kutoka mbali kilikuwa nyama ya pilipili. Unakata nyama vipande vidogo, unaikaanga kwa mafuta yake yenyewe mpaka ishike rangi. Pilipili zilizokauka unazikaanga kidogo kwenye kikaango kikavu, mpaka waliokaribu waanze kukohoa, halafu unazitwanga pamoja na vitunguu saumu na bizari nyembamba. Vitunguu vingi, nyanya nyingi, moto mdogo, na subira. Mchuzi unakuwa mzito, mwekundu, unashikana na nyama. Basi. Nilikuwa nimekuja na pilipili zangu kutoka Tseikuru kwenye mfuko wa kitambaa, na bizari yangu, na siku hiyo nilipika kama mtu anayepiga kura yake ya kwanza.

Mwaitu aliingia wageni walipokuwa wamekaa na sahani zao. Akafunua sufuria, akaangalia, akachukua mwiko akakoroga kana kwamba ameangusha kitu humo ndani na anakitafuta.

"Hii ni nini?"

"Ni nyama ya pilipili, Mwaitu."

"Naona nyama. Naona pilipili. Chakula kiko wapi?"

Wageni wakacheka. Kabla sijajibu, alikuwa ameshachota bakuli la maharagwe kutoka sufuria ya pili na kuyamwaga kwenye mchuzi wangu, na maji yake. Ule wekundu ukawa kama maji ya mto wakati wa mafuriko. Nilimshika mkono. Najua bibi harusi hamshiki mama mkwe mkono, lakini nilimshika.

"Mwaitu, maharagwe hayaingii hapa."

Yeye aliutazama mkono wangu mpaka nikauondoa mwenyewe. "Jikoni kwangu," akasema kwa ile sauti yake ya chini, "wewe ndio utaniambia kile kinaingia na kile hakiingii?" Akachota bakuli la pili akamwaga. Wanawake walikula, wakaramba vidole, wakamsifu Mwaitu kwa chakula kitamu. Hakuwasahihisha.

Tangu siku hiyo tukaanza. Nikipewa sahani, nilitoa maharagwe moja moja na kuyapanga kwenye ukingo, mbele ya macho yake, mpaka yakazunguka sahani yote. Siku iliyofuata alinipakulia maharagwe matupu, hata mchuzi hakuna. Nilipanda pilipili nyuma ya jiko. Miche ilipoanza kutoa majani, akaimwagia maji ya moto, akasema aliona nyoka. Nilipanda nyingine mahali palepale. Mzee Nzioka, ambaye kwa heshima ya kikwetu hakuweza kukaa karibu na mimi wala kuniita kwa jina, alikuwa akisimama nje ya jiko, upande wa dirisha, na kukohoa, halafu akauambia ukuta, "Kama kuna nyama imebaki ambayo haijawekwa kitu, kuna mtu anaweza kuila." Nilimwekea sahani dirishani. Mwaitu alipojua, hakusema neno kwa mumewe kwa muda ambao mimi nilidhani hautaisha, na dirisha likapigiwa mbao. Leo wajukuu wanasema ni hadithi ya kuchekesha. Haikuwa ya kuchekesha. Nilikuwa msichana mbali na kwetu, na mtu pekee aliyekuwa akinisemesha kutoka asubuhi hadi jioni alikuwa akinisemesha kwa matusi.

Jirani yetu, Mama Ndinda, ndiye aliyeyageuza mambo ya sufuria kuwa mambo ya tumbo. Alikuwa mnene, mcheshi, mwenye kuingia kila boma bila kubisha, na alipoona miezi inapita na nguo zangu zinanitosha kama nilivyokuja nazo, alipata la kusema. Nilimsikia kisimani, nikiwa nyuma ya kichaka nikingoja wenye punda wateke kwanza. "Pilipili inachoma nyumba ya mtoto," aliwaambia wenzake. "Mbegu itashika aje kwa makaa?" Sikushangaa kwamba alisema. Kilichoniumiza ni kwamba Mwaitu alikuwapo, amesimama na mtungi wake, na hakumkanusha. Alisema tu, "Kila mtu na udongo wake." Niliteka maji yangu baada yao nikarudi njia ya mbali.

Novemba mvua ilinyunyiza vumbi ikaondoka. Mwaitu akafunga pipa kwa waya, akasema yaliyobaki humo ni mbegu, na asiyaguse mtu. Ajabu ni kwamba sasa maharagwe yalikuwa yamekwisha mezani, na bado tuligombana juu yake. Muli alipokuja Pasaka, mamake alimkalisha sebuleni, mimi nikiwa nje nikianua nguo chini ya dirisha, na nikasikia kila neno.

"Mrudishe kwao kabla hamjazoeana."

"Mama, ni chakula tu."

"Hakuna kitu kinaitwa chakula tu. Mwanamke anakuonyesha roho yake kwa sufuria. Huyu amekuja hapa na kiburi, na tumbo lake ni kavu."

"Bado mapema."

"Nitakutafutia msichana wa Tawa. Mtu wa shamba."

Muli hakusema ndiyo, lakini pia hakusema hapana, na kwa mtu aliye chini ya dirisha na nguo mikononi, kunyamaza huko kulikuwa jibu. Alipotoka nje, akanikuta, akajaribu kutabasamu. "Mwende, si ungekuwa unaweka tu maharagwe? Shida iko wapi?"

"Na wewe si ungekuwa unamwambia tu aache? Shida iko wapi?"

Alirudi Nairobi siku moja kabla ya ile aliyokuwa amepanga. Wanaume wengi wa kizazi chetu walikuwa na kazi mjini ambayo iliwaita haraka kila mara nyumbani palipokuwa moto.

Mvua ya Aprili nayo haikuja. Wale ambao hawajaishi Ukambani hufikiri njaa ni mtu kukosa kila kitu kwa wakati mmoja. Njaa ya kwetu huanza kwa nyama. Nyasi zikiisha, mifugo inakonda, na kila boma linachinja kabla mnyama hajafa mwenyewe, kwa hivyo kunakuwa na wakati ambapo nyama iko kila mahali na punje haionekani. Mbuzi mzima ukipeleka sokoni unarudi na mahindi ya kujaza kofia. Tulikula mahindi ya manjano ya msaada yalipofika, na yasipofika tulikula tulichokuwa nacho. Mimi, Mungu anisamehe kama ni dhambi, niliona ni wakati wangu. Nilijua kukata nyama nyembamba, kuipaka chumvi na pilipili iliyotwangwa na kuianika kwenye waya mpaka ikauke kama ngozi ya viatu, na nyama hiyo haikuoza. Boma letu lilikuwa na kitu cha kutafuna wakati mengine hayakuwa nacho. Mwaitu hakuigusa. Alikunywa uji mwepesi wa mahindi ya msaada, na uji ulipokosekana, alikunywa maji ya moto na kulala. Nilidhani ni kiburi. Nilimtazama akikonda nikasema moyoni, akonde.

Ng'ombe wa mwisho wa Mzee Nzioka alishindwa kusimama asubuhi moja, akachinjwa palepale alipolala. Nilipika sufuria kubwa. Nyanya nilitafuta kwa watu, pilipili zilikuwa zangu mwenyewe, za ile miche ya pili iliyokuwa imekataa kufa. Majirani walisikia harufu wakaja na sahani, Mama Ndinda mbele yao, na uani pakawa na furaha ambayo hatukuwa tumeiona kwa muda mrefu. Watoto walikuwa wakitokwa na machozi kwa ukali na wakiomba waongezwe. Mwaitu alitoka kisimani, akaweka mtungi chini, akaangalia midomo yote ile inayong'aa mafuta. Halafu akashika sufuria kwa pindo la leso yake, akaibeba mpaka kwenye jalala la majivu, akaimwaga yote.

Mtoto mmoja alianza kulia. Mzee Nzioka aliinuka kutoka kwenye kiti chake akaja hadi karibu na mlango wa jiko, mahali ambapo hakuwa amekanyaga tangu niolewe, akasimama, mikono ikimning'inia. Mimi nilikuwa na mwiko mkononi. "Wewe ni mchawi," nilimwambia Mwaitu mbele ya watu wote. "Unataka tufe. Mchawi."

Alikuja akasimama karibu nami mpaka nikaona mishipa ya shingo yake. "Unajua nyama ni nini, wewe?" akauliza. "Umetoka kwa watu wa ng'ombe, unafikiri nyama ni utajiri. Mimi nimekula nyama kukuliko. Kabla ya Muli kuzaliwa tulikula nyama asubuhi, tukala nyama jioni, ya ng'ombe waliokufa, miezi, hakuna punje moja kwa boma hili. Nyama ni kile unakula wakati kila kitu kingine kimekufa. Nilikuwa na msichana, wa kwanza wangu. Tumbo lake likashindwa na nyama. Likawa linatoa maji tu. Alikuwa ananiomba maharagwe. Mtoto! Anaomba maharagwe vile mwingine anaomba sukari. Nilizunguka kila boma kutafuta maharagwe ya kumpikia, hata kikombe. Muulize huyu." Alimwelekeza Mzee kidole. Mzee alikuwa akitazama chini. "Nilipopata, nikarudi nayo, nikapata wamemfunika."

Mama Ndinda aliweka sahani yake chini taratibu. Sasa, mtu akitunga kisa hiki ataandika kwamba nilimkumbatia mama mkwe wangu tukalia pamoja. Sikulia. Nilikuwa na njaa, na nyama niliyoipika tangu asubuhi ilikuwa kwenye majivu na mbwa wameshaanza kuifikia. "Mbona hukuniambia?" nilimuuliza.

"Nikuambie wewe? Wewe uliyekuwa ukinipangia maharagwe kwa ukingo wa sahani?"

Akaingia jikoni akakaa kwenye kigoda chake, akageuza uso ukutani.

Wiki hiyo nilichukua nyama kavu yote iliyokuwa kwenye waya, nikaifunga kwenye gunia, nikatembea nayo hadi Tawa siku ya soko. Sijui hasa ni kitu gani kilinisukuma. Huruma ilikuwemo kidogo. Hasira ilikuwa nyingi zaidi. Nilitaka kumwekea maharagwe mbele ya uso niseme, haya, kula, usife ukanisingizia. Wachuuzi wa maharagwe walikuwa wachache na walikaa juu ya magunia yao kama walinzi. Nilimwonjesha mmoja wao nyama, akatafuna, akakohoa, akaniuliza kama nina zaidi. Kwa gunia zima alinipa maharagwe yaliyojaa kanga ukiifunga pembe nne. Nilirudi nimeyabeba kichwani, jua likinipiga, nikayaweka miguuni pa Mwaitu bila salamu.

Alifungua fundo. Akachota kiganja, akanusa, akaweka moja mdomoni akaliuma kujaribu kama limekauka. Halafu akaenda kwenye majivu, akachota, akaanza kuyachanganya.

"Unafanya nini?"

"Hizi ni mbegu nzuri. Zetu zimetobolewa nyingi."

"Nimezileta ule!"

"Nikila mbegu, mvua ikija utapanda nini? Pilipili?"

"Ndiyo! Nitapanda pilipili shamba lote!"

"Panda! Panda tukuone!" Hapo ndipo kwa mara ya kwanza nilisikia sauti yake ikipanda, kali, imepasuka katikati. Tulipigiana kelele mpaka Mzee akatoka kwenda kwa jirani. Tulitukanana kuhusu kuni, kuhusu Muli, kuhusu nyoka ambaye hakuwahi kuwapo. Tulipochoka, alifungua lile pipa lake, akatoa kikombe cha maharagwe yaliyotobolewa na wadudu, yale yasiyofaa kupandwa, akayaweka kwenye moto. Tulikula pamoja bila kutazamana. Yalikuwa na chumvi tu. Yeye alikula polepole sana, akifunga macho, na mimi nikaangalia pembeni, kwa sababu kuna mambo ambayo mtu hafai kumwona adui yake akiyafanya.

Mvua ilikuja Novemba, kubwa, bila kunyunyiza kwanza. Tulipanda mimi na yeye, kila mmoja na mstari wake, naye akirudi nyuma yangu kukagua mashimo. "Unazika maiti ama unapanda?" aliuliza kila mara. Nilipanda kwa kina hicho hicho kumkasirisha, naye akafukua akarudia. Maharagwe yaliota yote, yake na ya Tawa, na mimi pale ukingoni nikapanda mstari wa pilipili bila kuomba ruhusa. Hakuumwagia maji ya moto. Alisema tu kwamba ukivamia mstari wake ataung'oa.

Maharagwe yalikuwa yanatoa maua siku Mama Ndinda alipokuja kuazima jembe. Nilikuwa nyuma ya jiko nimeinama kwenye pilipili zangu, hawakuniona. Alianza kwa habari za mvua na watoto wake, kisha akafika alikokuwa akielekea. "Na yule mtu wako wa Tseikuru, mpaka sasa hakuna kitu? Mimi nilikuambia, lile tumbo ni jivu. Mpe Muli mwingine kabla hujazeeka. Mwanamke aliyekuita mchawi mbele yetu, bado unampa chakula?"

Nilisimama wima, nimeshika pilipili mkononi. Nilingoja Mwaitu aseme kile alichosema kisimani.

"Jembe liko hapo kwa mlango," akasema. "Chukua uende. Na Mama Ndinda, usiwahi kusema mke wa kijana wangu vibaya kwa hili boma. Hata kisimani, usiseme. Nikisikia, utaniona."

"Ai, Kalekye! Si wewe mwenyewe humtukana kila siku?"

"Kumtukana ni kazi yangu. Si yako."

Mama Ndinda akaondoka, na jembe akaliacha. Nilikaa pale nyuma kwa muda, halafu nikazunguka nikaingia jikoni kana kwamba natoka mbali. Mwaitu alikuwa kwenye kigoda, anapuliza moto. Hakugeuka.

"Ulikuwa unasikiliza?"

"Nilikuwa navuna pilipili."

"Wacha uongo," akasema. "Lete kuni."

Nikaleta kuni.